Kabla ya Kumwita Mtu Mshamba: Tunayojifunza Katika Maneno ya Kiingereza



Katika seminari yetu falsafa inafundishwa kwa Kiingereza. Vitabu ni vya Kiingereza, mitihani ni ya Kiingereza, hata mabishano ya mezani baada ya chakula cha jioni, yakishamfikia Aristotle, yanahamia Kiingereza yenyewe bila mtu kuamua. Hatulalamiki. Lugha hiyo imetufungulia maktaba ambayo bila yake tungeishia mlangoni. Ila ni rahisi kuitumia kama mtu aliyeazimwa gari: anajua usukani na breki, lakini hajui gari limetoka wapi wala limewahi kupinduka mara ngapi.

Leo tunapendekeza tufungue boneti kidogo. Tumechagua maneno machache ya Kiingereza, hasa yale yaliyowahi kuishi kanisani au shambani kabla hayajawa matusi. Ukiyatazama kwa pamoja yanasema jambo linalotuhusu sisi mafrateri, na linalowahusu ninyi waamini mnaotulea kwa sala na kwa magunia ya mahindi.

Tuanze na neno ambalo kila mwanafunzi wa falsafa angepaswa kulionea aibu. "Dunce" ni mtu mzito wa kuelewa, mbumbumbu wa darasa. Katika shule za zamani za Uingereza na Marekani mtoto aliyeshindwa somo aliweza kuvishwa kofia ndefu ya karatasi yenye ncha na kusimamishwa pembeni wenzake wamtazame, na kofia ile iliitwa kwa neno hilohilo. Sasa neno lenyewe ni jina la mtu. Ni jina la Mwenyeheri Yohane Duns Scotus, Mfransisko wa Scotland aliyefundisha Oxford na Paris, akafariki Cologne mwaka 1308. Wanafalsafa wa zama zake walimwita Mwalimu Mpembuzi, kwa jinsi alivyojua kutenganisha mawazo mawili ambayo wengine waliyaona kuwa moja. Ndiye aliyetetea kwa hoja, wakati wakubwa kadhaa wa taalimungu walikuwa wakisita, kwamba Bikira Maria alikingiwa dhambi ya asili. Kanisa lilitangaza fundisho hilo rasmi mwaka 1854, zaidi ya miaka 500 baada ya kifo chake. Mwaka 1993 Papa Yohane Paulo II akathibitisha heshima yake kama mwenyeheri.

Imekuwaje basi mtu huyu akawa jina la mjinga? Katika karne ya 16 wasomi wa mtindo mpya, wapenzi wa Kigiriki na wa Kilatini cha Cicero, waliwaona wafuasi wa Scotus kuwa watu wa kung'ang'ania, wabishi wa vijambo vidogo, wasiotaka kujifunza mapya. Jina la mwalimu likawa jina la kuwazomea wanafunzi. Mwaka 1535 wajumbe wa Mfalme Henry VIII walifika Oxford wakamwondoa Scotus katika masomo, na mmoja wao aliandika kwa furaha kwamba waliporudi waliona kurasa za vitabu vyake zikipeperushwa na upepo katika ua wa chuo. Waliofanyia mtihani mada ya Scotus wanaweza kuielewa kidogo furaha hiyo, maana kurasa zake si uji wa kunywa. Lakini tazama kilichotokea. Hoja zake hazikujibiwa, zilichekwa. Na kicheko kikishashinda hakuna anayeinama kuokota kurasa zilizopeperuka.

"Silly" leo ni mtu wa upuuzi, mjinga mwepesi. Miaka 1000 iliyopita, katika Kiingereza cha kale, neno hilo lilikuwa "sælig", na maana yake ilikuwa mwenye heri, aliyebarikiwa. Kutoka mwenye heri likawa asiye na hatia, kutoka hapo likawa wa kuhurumiwa, kisha dhaifu, mwisho mjinga. Kila hatua ni ndogo, na hakuna siku Waingereza waliyokaa kikao wakaamua kwamba mtu aliyebarikiwa aitwe mpuuzi. Ndugu wa neno hilo katika Kijerumani, "selig", amebaki juu: hadi leo ndilo neno la mtu aliyetangazwa mwenyeheri. Kwa hiyo huko Cologne, anakolala, Scotus anaitwa kwa neno la heri, ilhali lugha ya Oxford, alikofundisha, imechukua neno lilelile na jina lake mwenyewe ikayafanya yote mawili kuwa ya wajinga.

Majina ya watakatifu hayakusalimika pia. Maria Magdalena alichorwa kwa karne nyingi akilia, na kutokana na jina lake Waingereza wakapata "maudlin", neno la mtu anayelialia ovyo, hasa akishalewa. Huyu ndiye ambaye Kanisa linamwita mtume wa mitume, na mwaka 2016 Papa Fransisko alipandisha kumbukumbu yake kuwa sikukuu. Mtakatifu Etheldreda, malkia aliyeacha ufalme akaanzisha monasteri huko Ely mwaka 673, aliitwa na watu wa kawaida Audrey. Alifariki mwaka 679 akiwa na uvimbe shingoni, na Mtakatifu Beda anasimulia kwamba aliupokea kama malipo ya mikufu aliyojivunia usichanani. Watu wakamkumbuka kwa mnada mkubwa wa kila Oktoba, ambako ziliuzwa tepe za hariri za kuvaa shingoni, tepe za Mtakatifu Audrey. Ukilitamka jina hilo haraka kwa Kiingereza, herufi ya mwisho ya "Saint" inarukia neno la pili, na matokeo yake ni "tawdry". Tepe zilivyozidi kuwa za bei rahisi neno likashuka nazo, na leo maana yake ni kitu cha kung'aa kisicho na thamani. Aliyewahi kununua kwenye hija rozari ya plastiki iliyokatika kabla ya fumbo la tatu ameiona historia hiyo ikijirudia.

Neno jingine la kundi hili ni "bedlam", vurugu na kelele za kila upande. Mwaka 1247 ilianzishwa London nyumba ya kitawa ya Mtakatifu Maria wa Betlehemu. Baadaye ikawa hospitali, na baadaye zaidi hospitali ya wagonjwa wa akili. Matamshi ya mtaani yalilifupisha jina la Betlehemu likawa Bedlam. Kuna kipindi watu wa mjini walikwenda kule matembezini, kuwatazama wagonjwa kama tunavyotazama wanyama mbugani. Katika Kiebrania Betlehemu ni nyumba ya mkate. Mji alikozaliwa Bwana ukawa jina la mayowe ya watu wasio na wa kuwatetea.

Na kwa kuwa tumeutaja mkate, hatuwezi kulipita neno "lord", lile tunalolitamka mara nyingi katika Misa ya Kiingereza. Asili yake ni "hlafweard", mlinzi wa mkate. "Lady" ni "hlæfdige", mkandaji wa mkate. Nyumba ya kale ya Kiingereza ilijipanga kuzunguka mkate: mmoja anaulinda, mmoja anaukanda, na yupo wa tatu, mtumishi wa nyumba, aliyeitwa "hlafæta", mla mkate. Mlinzi wa mkate alipanda akawa kabaila, akawa mheshimiwa wa Bunge la Uingereza, na jina lake likatumika hata kwa Mungu. Mkandaji akawa mama mwenye heshima zake. Yule mla mkate neno lake lilikufa, halimo tena katika Kiingereza. Kwetu sisi tunaokaribia altare kila siku kama wala mkate, tunaona hilo ndilo neno ambalo lingestahili kubaki.

Si kila neno huteremka. "Nice", neno la kusifia chochote kuanzia chai hadi homilia, linatokana na Kilatini cha asiyejua kitu, na lilipita kwenye ujinga na uchaguzi wa mambo kabla halijafika kwenye uzuri. "Knight" alikuwa kijana mtumishi, akapata farasi na upanga, akawa shujaa. "Minister" ni mtumishi, na mzizi wake katika Kilatini ni neno la udogo. Leo anapita barabarani na ving'ora. Ila angalieni ni nani hasa wanaopanda. Mara nyingi ni majina ya watu waliokwisha kupata silaha, ardhi au ofisi. Wanaoshuka ni wa aina nyingine, na hapo ndipo maneno haya yanapoacha kuwa ya kuchekesha.

"Villain" ni jambazi wa filamu, yule ambaye watazamaji wote wanangoja apigwe. Katika Kilatini alikuwa "villanus", mtu wa shamba la bwana fulani, mkulima. Huko Ulaya ya zama za kati alikuwa mtu aliyefungwa kwenye ardhi isiyo yake. Hakuwa na kosa lolote zaidi ya kulima. Lakini walioandika vitabu hawakuwa wakulima, na kidogo kidogo neno la kazi likawa neno la hali ya chini, la hali ya chini likawa la tabia ya chini, na la tabia ya chini likawa la uovu. Jirani yake ni "pagan". Naye alikuwa mwanakijiji, "paganus" wa Kilatini, kabla Wakristo hawajalitumia kwa asiye wa dini yao. Wataalamu wanatoa maelezo zaidi ya moja juu ya mgeuko huo. Kwa vyovyote vile tumelirithi, na bado tunasema mpagani bila kufikiri kwamba ndani ya neno hilo kuna mtu anayetoka kijijini.

Hapa Kiswahili hakina cha kuwacheka Waingereza. Mshamba ni nani? Kwa muundo wa neno ni mtu wa shamba, "villanus" mtupu. Kwa matumizi ni mtu asiyejua kuvaa, asiyejua kuongea, asiyejua kupanda ngazi za umeme kwenye jengo la ghorofa. Kwa upande wa pili wa mizani tumeweka ustaarabu, neno ambalo asili yake ni kufanana na Waarabu. Watu wa pwani waliwaita watu wa bara washenzi. Mjini leo hata neno Mswahili, likisemwa kwa namna fulani ya kukunja mdomo, ni tusi. Na katika nyumba za malezi yupo mwenzetu aliyesoma shule ya kata, akisimama kusoma kwa Kiingereza akakosea matamshi, utasikia kicheko cha chini chini kutoka viti vya nyuma, kisha neno lile: mshamba. Anayecheka amekula asubuhi hiyo uji wa mahindi yaliyolimwa na wazazi wa anayechekwa.

Lipo neno jingine ambalo akina mama wa WAWATA wangepaswa kulidai. "Gossip", yaani umbea, lilikuwa "godsibb": jamaa kwa Mungu, msimamizi wa ubatizo. Neno zuri namna hiyo! Kiingereza kiliona kwamba anayemshika mtoto kwenye kisima cha ubatizo anaingia katika undugu ambao damu haikuuleta. Kutoka hapo likawa neno la rafiki wa karibu, kisha la wanawake waliokusanyika kwa mzazi saa ya kujifungua. Halafu likawa la mwanamke anayeongea sana, mwisho la maongezi yenyewe. Tunavyoona sisi, mteremko huo ulianza nje ya chumba. Ndani kulikuwa na kazi: maji ya moto, maombi, kumshika mzazi mkono, kumtayarishia mtoto ubatizo wa dharura ikibidi. Nje walikaa waliosikia sauti bila kusikia maneno, wakaamua kwamba huo ni umbea. Nasi hatuko mbali na hapo. Jumuiya ndogo ndogo inapokutana nyumbani kwa mgonjwa, na wengi waliofika wakiwa akina mama, zipo sauti za wanaume barabarani zinazosema, "Wameshakwenda kupiga soga." Wao ndio waliokwenda.

Sasa tufike kwenye jozi iliyotufanya tuandike makala hii. Maneno hayo ni "clerk" na "lewd".

"Clerk" tunamjua, ni karani. Neno hilo na neno kleri ni kitu kimoja. Katika zama za kati aliyejua kusoma na kuandika huko Ulaya alikuwa ama padre, ama mtawa, ama kijana wa seminari wa wakati huo, kwa hiyo neno la wakleri likawa neno la mtu yeyote wa kalamu. "Lewd" leo ni mchafu wa maneno na tabia za kimwili. Neno la kumwelezea mtu ambaye usingependa akae karibu na mwanao. Lakini katika Kiingereza cha kale "læwede" alikuwa mtu asiye kleri. Basi. Mlei. Waliwekwa sambamba, wasomi na walei, kama tunavyosema mapadre na waamini. Kwa kuwa mlei hakujua Kilatini, neno likaanza kumaanisha asiyesoma. Kwa kuwa asiyesoma alidharauliwa, likamaanisha mtu duni. Na kwa kuwa mtu duni alidhaniwa hana adabu, likafika lilipo sasa. Safari nzima, kutoka mwamini wa kawaida hadi mtu mchafu, ilipita midomoni mwa watu waliosoma. Watu waliosoma walikuwa sisi.

Msidhani ilikuwa dharau ya maneno matupu. Sheria ya Uingereza iliwapa wakleri haki ya kuhukumiwa na mahakama za Kanisa, ambazo hazikunyonga mtu. Ili kujua nani ni kleri, mahakimu walimpa mshtakiwa Biblia asome, na baadaye kila aliyeweza kusoma alihesabiwa kama kleri. Mara nyingi alipewa mwanzo wa Zaburi ya 51, ile ya Daudi ya kutubu. Akiisoma, ameponea kitanzi. Ndiyo maana watu waliita maneno hayo aya ya shingo. Mwandishi wa tamthilia Ben Jonson alimuua mwigizaji mwenzake kwa upanga mwaka 1598 na akatoka kwa njia hiyo, akachomwa tu alama kwenye kidole gumba. Utaratibu huu ulifutwa mwaka 1827. Kwa miaka yote hiyo watu wawili waliweza kufanya kosa moja, mmoja akaenda nyumbani kwa sababu anajua herufi na mwingine akaenda mtini. Zaburi ya toba, ambayo Kanisa linaisali kila Ijumaa asubuhi kwa ajili ya wakosefu wote, ikawa kizingiti cha kuwatenga waliosoma na wasiosoma.

Tunasema Kiingereza kimekuwa Kilatini chetu. Hatudai kwamba kuna mtu anayenyongwa leo kwa kutojua Kiingereza. Lakini fikirini: nchini Tanzania ni mwaka 2021 tu ambapo Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kabla ya hapo mtu aliweza kusikiliza kesi yake kwa Kiswahili, kisha akapokea hukumu iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua, akalazimika kumtafuta kijana wa jirani aliyefika kidato cha 6 amsomee kama ameshinda au ameshindwa. Aya ya shingo hiyo. Na kijana yule, bila kutaka, alikuwa ndiye "clerk".

Nasi tunarudi likizo tukiwa hivyo hivyo. Mzee wa miaka 70 anamwita kijana wa miaka 25 "Frateri," anamsalimu kwa heshima, anampokea mkoba. Kijana anaalikwa kuongea na vijana wa parokia juu ya dhamiri, na kabla ya dakika 5 kupita amekwisha kusema "conscience", "autonomy" na "relativism". Wasikilizaji wanatikisa vichwa kwa kuvutiwa. Hawajaelewa, ila wameridhika kwamba frateri wao anasoma kweli. Hapo ndipo tunapoona hatari, kwa sababu wote wamefurahi. Akitokea mmoja kuuliza swali, anaanza kwa kujihami: "Samahani Frateri, mimi ni mlei tu."

Lisikilizeni lile neno "tu". Mlei ni neno letu kwa mtu wa taifa la Mungu. Asili yake ni "laos" ya Kigiriki, yaani watu, taifa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, uliweka sura ya Taifa la Mungu kabla ya sura ya uongozi wa Kanisa, na waliofuatilia mjadala ule wanajua kwamba mpangilio huo haukuwa wa bahati mbaya. Na bado katika vikao vya parokia na vigango neno hilo linatembea na "tu" yake kama mtoto aliyeshikwa mkono. Hivyo ndivyo "læwede" ilivyoanza kuteremka, kwa "tu" ambayo mwanzoni mlei aliisema mwenyewe kwa unyenyekevu, na kleri hakumsahihisha.

Kuna watakaosema kwamba tunatia chumvi, na kwamba istilahi za falsafa hazina Kiswahili. Sehemu ya pili ina ukweli. Lakini hazikuwa na Kiingereza pia, wala Kilatini. Cicero alipotaka kuwaeleza Warumi falsafa ya Wagiriki hakuwa na neno la sifa ya kitu kwa ujumla, akaunda "qualitas", na Waingereza wakaja kuchukua kwake. Kabla Kiingereza hakijazoea "conscience" kilikuwa na neno lake la nyumbani, "inwit", ujuzi wa ndani, na liliandikiwa kitabu kizima mwaka 1340. Neno la Kilatini liliposhinda lilikuja na kivuli chake: kujua pamoja na mwingine, kana kwamba ndani yako kuna shahidi wa pili. Sasa tazameni dhamiri yetu. Asili yake ya Kiarabu ni kile kilichofichika moyoni, na Kiswahili kikaongeza kudhamiria, yaani kukusudia kabisa. Kiingereza kinamwona shahidi, Kiswahili kinaona siri na uamuzi. Mwalimu anayefundisha adili akiwa na maneno yote mawili mkononi ana darasa tajiri kuliko mwenye moja, na hoja hii frateri anaweza kuifikisha kigangoni bila kutumia hata neno moja la Kiingereza. Tumeona ikifanyika, na maswali yaliyofuata yalikuwa makali kuliko ya mitihani yetu.

Kwa hiyo hatuombi Kiingereza kipunguzwe darasani. Tunaomba mambo mawili madogo. Kila istilahi inayofundishwa, mwanafunzi atakiwe kuieleza kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama yake, kwa maandishi, na alama zitolewe. Atakayeshindwa hajaielewa, hata kama anaitamka kama mtu wa Oxford. Na kile kicheko cha viti vya nyuma kisimamishwe na sisi wenyewe tulio kwenye viti hivyo, tusingoje walezi.

Tunabaki na neno moja, na tumeliacha kwa makusudi. Katika sura ya nne ya Matendo ya Mitume, wakuu na wazee wanawatazama Petro na Yohane wakijitetea na wanashangaa ujasiri wao, kwa kuwa wanawajua kuwa hawakusoma na ni watu wa kawaida. Neno la Kigiriki lililo hapo kwa watu wa kawaida ni "idiotai". Wakati huo lilimaanisha mtu binafsi, asiye na cheo wala utaalamu. Kiingereza kililipokea likiwa tayari njiani kuelekea chini, na kila mtu anajua "idiot" ni nani leo. Waliotafsiri Biblia kwa Kiingereza mwishoni mwa karne ya 14, wale wa kundi la John Wyclif ambaye Kanisa lilimpinga kwa mengine, walipofika kwenye aya hiyo walihitaji neno la mtu asiye msomi wala kleri. Wakaandika kwamba Petro na Yohane walikuwa watu "lewid".

Likizo inakaribia na wengi wetu tutakuwa vigangoni. Ninyi wazee wetu na akina mama mnaojua maneno ya Kihaya, Kisukuma, Kichagga, Kinyakyusa au lugha nyingine yoyote yaliyokuwa ya heshima zamani na leo ni ya dharau, tunaomba mtuambie tukifika. Tutakuja na daftari.